Kirsty Coventry: Ilikuwaje mwogeleaji mmoja akaipatia Zimbabwe medali saba kati ya nane?

Tangu Zimbabwe ilipojipatia uhuru mwaka 1980, nchi hiyo imetwaa medali nane tu katika Michezo ya Olimpiki. Ya kwanza ilikuwa ya dhahabu, na ililetwa na timu ya wanawake ya mpira wa magongo kutoka Moscow mwaka uleule wa uhuru. Saba zilizosalia, yaani dhahabu mbili, fedha nne na shaba moja, zililetwa na mtu mmoja: mwogeleaji Kirsty Coventry, katika michezo ya Athens mwaka 2004 na ya Beijing mwaka 2008. Tangu hapo hakuna Mzimbabwe mwingine aliyepanda jukwaa la washindi wa Olimpiki.

Leo Coventry ndiye rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa huo. Habari za kuchaguliwa kwake zimesikika kote barani. Kilichoelezwa kwa uchache ni namna medali zile zilivyopatikana. Iweje nchi isiyo na bahari, iliyokuwa ikipita katika misukosuko mikubwa ya kiuchumi, itoe bingwa wa dunia wa kuogelea? Na kama iliweza kumtoa mmoja, kwa nini haikutoa wa pili?

Msichana wa Harare mjini Sydney

Kirsty Leigh Coventry alizaliwa Harare tarehe 16 Septemba 1983. Alijifunza kuogelea angali mdogo, akasoma katika shule ya sekondari ya wasichana ya Dominican Convent jijini humo, na alikuwa bado mwanafunzi wa sekondari alipochaguliwa kuiwakilisha nchi yake katika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Siku ya kwanza ya mashindano ya kuogelea mjini Sydney ndiyo siku aliyotimiza umri wa miaka 17.

Hakurudi na medali, lakini alifika nusu fainali ya mita 100 kwa mtindo wa mgongo, hatua ambayo hakuna mwogeleaji wa Zimbabwe aliyewahi kuifikia kabla yake.

Katika bwawa hilohilo, dunia ilimshuhudia Mwafrika mwingine. Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta aliogelea mita 100 peke yake, baada ya wapinzani wake wawili kuondolewa kwa kuanza kabla ya ishara, akamaliza kwa dakika 1 na sekunde 52.72 huku uwanja mzima ukimshangilia. Moussambani alikuwa amejifunza kuogelea miezi michache tu kabla ya michezo hiyo, katika bwawa dogo la hoteli. Aliingia kwa utaratibu maalumu unaoziruhusu nchi zisizo na waogeleaji waliofikia viwango vya kufuzu kupeleka wawakilishi, ili Olimpiki isiwe karamu ya mataifa tajiri pekee.

Waafrika hawa wawili wanaonyesha ncha mbili za hali moja. Yeyote aliyekulia kando ya bahari, ziwa au mto anajua kwamba kuogelea hakuhitaji kitu zaidi ya maji na ujasiri. Kuogelea kwa mashindano kunahitaji bwawa la mita 50, kocha anayejua kurekebisha mkono unaoingia majini vibaya, saa inayopima mia ya sekunde, na wapinzani wanaokulazimisha uongeze kasi kila wiki. Coventry alikuwa na baadhi ya hayo Harare. Mengine alilazimika kuyafuata mbali.

Mitindo iliyomfaa

Medali za Coventry zilitokana na aina mbili za mashindano, na inafaa kuzieleza kidogo kwa msomaji asiyeufuatilia mchezo huu.

Ya kwanza ni kuogelea kwa mgongo, kwa umbali wa mita 100 na mita 200. Huu ndio mtindo pekee ambao mshindani haanzi kwa kuruka kutoka jukwaani, bali huanza akiwa majini, ameshika vishikio ukutani, kisha akajirusha kinyumenyume. Kwa kuwa anatazama juu, haoni ukuta anaouendea. Hutegemea bendera ndogo zilizotundikwa mita 5 kabla ya ukuta, na kuanzia hapo huhesabu mizungusho ya mikono ili ajue wakati wa kugeuka. Anayekosea hesabu hiyo hupoteza sehemu za sekunde asizoweza tena kuzirejesha.

Ya pili ni mashindano ya mchanganyiko, ambapo mwogeleaji mmoja hupita katika mitindo minne kwa utaratibu usiobadilika: kipepeo, mgongo, kifua na mwishowe mtindo huru. Katika mita 200 kila mtindo huogelewa kwa mita 50, na katika mita 400 kila mmoja kwa mita 100. Mashindano haya humtaka mtu asiye na udhaifu mkubwa popote.

Medali zote saba za Coventry ni za mtu mmoja mmoja. Mataifa makubwa huongeza hesabu yao kwa mbio za kupokezana, ambako waogeleaji wanne hushirikiana kushinda medali moja. Katika kila medali aliyoipata Coventry, alikuwa majini peke yake kwa niaba ya nchi yake.

Auburn, na wenzake wa mazoezini

Baada ya Sydney, Coventry alikwenda Marekani kusoma katika Chuo Kikuu cha Auburn, jimbo la Alabama. Hatua hiyo ndiyo kiini cha simulizi yake yote.

Vyuo vikuu vya Marekani huendesha michezo kwa kiwango ambacho nchi nyingi hazikifikii hata kwa timu zao za taifa. Mwanafunzi mwenye kipaji hupewa ufadhili wa masomo, na pamoja nao hupata makocha wa kudumu, mabwawa, matabibu na ratiba ya mashindano ya mwaka mzima. Wakati Coventry alipokuwa Auburn, timu ya wanawake ya chuo hicho ilitwaa ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani miaka mitatu mfululizo, kuanzia 2002 hadi 2004. Kila asubuhi alijitosa majini pamoja na watu waliokuwa wakiwania ubingwa wa dunia.

Miongoni mwa wenzake alikuwa Margaret Hoelzer, Mmarekani aliyeogelea mita 200 kwa mgongo, mashindano yaleyale aliyoyapenda Coventry. Miaka minne baada ya Athens, wawili hao waliosoma chuo kimoja wangekutana kwenye fainali ya Beijing, mmoja akiwa ndiye mwenye rekodi ya dunia na mwingine akiwa bingwa mtetezi.

Matunda yalianza kuonekana mapema. Mwaka 2002 Coventry alishinda dhahabu ya mita 200 za mchanganyiko katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Manchester. Mjini Athens mwaka 2004 alipata shaba katika mashindano hayohayo, fedha katika mita 100 kwa mgongo nyuma ya Mmarekani Natalie Coughlin, na hatimaye dhahabu ya mita 200 kwa mgongo kwa dakika 2 na sekunde 9.19. Ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu kwa Zimbabwe tangu zile siku za Moscow, miaka 24 nyuma.

Mwaka uliofuata, katika mashindano ya dunia mjini Montreal, alitwaa dhahabu mbili za mtindo wa mgongo na fedha mbili za mchanganyiko.

Mlango mmoja uliofungwa

Kuna kipengele cha safari hii ambacho hutajwa kwa nadra. Baada ya Manchester, Coventry hakushiriki tena Michezo ya Jumuiya ya Madola, ingawa alikuwa katika kilele cha uwezo wake. Sababu haikuwa ya kimichezo. Mwezi Desemba 2003 serikali ya Rais Robert Mugabe iliitoa Zimbabwe katika Jumuiya hiyo, kufuatia mvutano kuhusu uchaguzi na hali ya kisiasa nchini humo. Michezo ya Melbourne mwaka 2006, ya Delhi mwaka 2010 na ya Glasgow mwaka 2014 ilipita bila wanamichezo wa Zimbabwe.

Kwa Coventry mwenyewe hasara hiyo ilifidiwa na mashindano mengine. Kwa kijana wa Bulawayo au Mutare aliyetaka kumfuata, hali ilikuwa tofauti. Michezo ya Jumuiya ya Madola ndiyo ngazi ambayo mwogeleaji wa Kiafrika hupandia kabla ya kufika Olimpiki. Ni katika michezo hiyo, mjini Delhi mwaka 2010, Jason Dunford wa Kenya alishinda mita 50 za kipepeo na kuipatia nchi yake dhahabu yake ya kwanza ya kuogelea. Vijana wa Zimbabwe waliondolewa ngazi hiyo bila wao kuulizwa.

Beijing: sekunde zisizotimia moja

Mwaka 2008 ulikuwa mgumu kuliko yote kwa Wazimbabwe wa kizazi hiki. Uchaguzi wa mwaka huo uligubikwa na ghasia, na takwimu rasmi za mwezi Julai zilionyesha mfumuko wa bei wa asilimia milioni 231 kwa mwaka. Tarehe 1 Agosti, wiki moja kabla ya ufunguzi wa Olimpiki, benki kuu ilifuta sifuri kumi kutoka katika fedha ya nchi.

Katika hali hiyo Coventry aliingia bwawani Beijing akiwa na umri wa miaka 24. Mapema mwaka huo alikuwa amevunja rekodi ya dunia ya mita 200 kwa mgongo, iliyowekwa na Krisztina Egerszegi wa Hungary mwaka 1991 na kudumu kwa zaidi ya miaka 16. Kisha Hoelzer, mwenzake wa zamani, akamnyang'anya rekodi hiyo katika mchujo wa timu ya Marekani.

Siku ya fainali Coventry aliirejesha. Alimaliza kwa dakika 2 na sekunde 5.24, rekodi mpya ya dunia, Hoelzer akawa wa pili. Hivyo alitetea dhahabu yake ya Athens.

Medali tatu za fedha alizopata katika michezo hiyo zinaonyesha jinsi ubingwa unavyopimwa kwa kipimo chembamba. Katika mita 400 za mchanganyiko alishindwa na Stephanie Rice wa Australia kwa sekunde 0.44, na katika mita 200 kwa sekunde 0.14. Katika mita 100 kwa mgongo alishindwa tena na Coughlin, kwa sekunde 0.23, ingawa katika nusu fainali yeye Coventry alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya sekunde 58.77, muda ambao ungempa dhahabu kama angeurudia. Ukijumlisha tofauti hizo tatu, hazifiki sekunde moja.

Harare ilimpokea kwa shangwe. Rais Mugabe alimwita binti wa dhahabu na kumzawadia dola 100,000 za Kimarekani. Ilikuwa picha iliyozungumzwa sana: mwanamke mzungu akienziwa na kiongozi ambaye serikali yake ilikuwa imewanyang'anya mashamba maelfu ya wakulima wazungu tangu mwaka 2000. Wapo walioona kwamba serikali ilikuwa ikijifunika kwa nishani zake. Wapo pia, weusi na weupe, waliofurahi tu kupata habari njema katika mwaka usiokuwa nazo.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Coventry alitunzwa kwao, lakini ngoma yenyewe alikuwa ameifanyia mazoezi ugenini.

Machweo ya safari ya majini

Mwaka 2009 mjini Roma alishinda tena ubingwa wa dunia wa mita 200 kwa mgongo na kuweka rekodi ya dakika 2 na sekunde 4.81, iliyodumu hadi Missy Franklin wa Marekani alipoivunja katika Olimpiki ya London mwaka 2012. Coventry mwenyewe aliogelea London baada ya msimu uliovurugwa na ugonjwa na jeraha la goti, akafika fainali lakini akakosa medali. Alibeba bendera ya nchi yake mjini Rio mwaka 2016, katika Olimpiki yake ya tano, akafika fainali ya mita 200 kwa mgongo, kisha akastaafu.

Kutoka bwawani hadi ofisini

Mwezi Septemba 2018 Rais Emmerson Mnangagwa alimteua kuwa waziri wa vijana, michezo, sanaa na burudani, wadhifa alioushikilia hadi mwaka 2025. Hapo ndipo sifa zake zilipokutana na mtihani wa aina nyingine.

Wakati wa uwaziri wake, Uwanja wa Taifa wa Harare ulizuiwa na Shirikisho la Soka la Afrika kuandaa mechi za kimataifa kwa kutotimiza viwango, na timu ya taifa ikalazimika kucheza mechi zake za nyumbani ugenini. Mwezi Novemba 2021 tume ya michezo ya nchi hiyo iliwasimamisha viongozi wa shirikisho la soka kwa tuhuma za matumizi mabaya ya fedha na za unyanyasaji wa kijinsia dhidi ya waamuzi wa kike. Shirikisho la Soka Duniani liliitazama hatua hiyo kama serikali kuingilia mchezo, likaifungia Zimbabwe kuanzia Februari 2022 hadi Julai 2023.

Wakosoaji walisema waziri bingwa ameshindwa kuviokoa viwanja vya nchi yake. Waliomtetea walisema viwanja hivyo vilichakaa kwa miaka mingi kabla yake, na kwamba tuhuma zile zisingeweza kufumbiwa macho. Hoja zote mbili zina uzito. Pamoja zinaonyesha jambo ambalo medali haziwezi kulificha: bingwa hupimwa kwa saa, lakini waziri hupimwa kwa bajeti, matengenezo na taasisi.

Katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki alipanda kwa utulivu zaidi. Aliingia akiwa mwakilishi wa wanamichezo mwaka 2013, akaongoza tume yao kuanzia 2018 hadi 2021. Tarehe 20 Machi 2025, katika mkutano uliofanyika Ugiriki, wagombea saba waliwania urais. Coventry alishinda katika duru ya kwanza kwa kura 49 kati ya 97, idadi iliyotosha kwa usahihi kumpa wingi unaohitajika. Alikabidhiwa uongozi mjini Lausanne, Uswisi, mwezi Juni mwaka huo, kwa muhula wa miaka minane.

Fundisho kwa majirani

Turudi kwenye swali la mwanzo. Zimbabwe ilimtoa Coventry kwa sababu ilimpa msingi mzuri alipokuwa mtoto: familia iliyomuunga mkono, shule yenye michezo, na bwawa la karibu. Hicho ni kitu ambacho watoto wachache tu wa nchi hiyo walikipata, na kilifuata kwa kiasi kikubwa mipaka ya uwezo wa kifedha iliyoachwa na historia. Hatua ya pili, ile ya kumgeuza mwogeleaji mzuri kuwa bingwa wa dunia, ilifanyika Marekani. Dunford wa Kenya alipita njia hiyohiyo. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Stanford, na mjini Beijing alifika fainali ya mita 100 za kipepeo na kushika nafasi ya tano.

Je, hatua hiyo ya pili inaweza kufanyika barani? Afrika Kusini imejibu kwamba inawezekana. Chad le Clos alikuwa akifanya mazoezi Durban aliposhinda mita 200 za kipepeo mbele ya Michael Phelps mjini London mwaka 2012, kwa tofauti ya sekunde 0.05. Tatjana Schoenmaker aliandaliwa katika Chuo Kikuu cha Pretoria, akashinda mita 200 kwa mtindo wa kifua katika Olimpiki ya Tokyo kwa rekodi ya dunia ya dakika 2 na sekunde 18.95. Mjini Paris mwaka 2024 aliongeza dhahabu nyingine. Chuo kikuu, bwawa, kocha wa miaka mingi na wapinzani wa kila siku: viungo ni vilevile vya Auburn, isipokuwa havikuhitaji kuvuka bahari.

Tofauti ya mwelekeo huo inaonekana Chitungwiza, mji ulio kusini ya Harare. Huko kulijengwa mabwawa ya kisasa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 1995. Michezo ilipokwisha, matunzo nayo yalikwisha, na miaka ambayo Coventry alikuwa akivunja rekodi za dunia, mabwawa hayo hayakuwa yakimwandaa mrithi wake.

Sasa yeye ndiye anayeongoza taasisi inayogawa ufadhili wa wanamichezo kwa mataifa madogo duniani, na chini ya uongozi wake Dakar, mji mkuu wa Senegal, itaandaa Olimpiki ya Vijana mwaka 2026, michezo ya kwanza ya Olimpiki kufanyika katika ardhi ya Afrika. Atakumbukwa kwa medali hata asipofanya lolote zaidi. Watoto wa Chitungwiza, kama walivyo watoto wa mitaa mingi ya nchi zetu, wanasubiri kitu cha kawaida zaidi: bwawa lenye maji, na mtu wa kuwafundisha.